Tiba Isikatike: Mgonjwa wa Mapafu Wakati wa Janga

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, wagonjwa wa mapafu walihesabiwa mara moja miongoni mwa watu walio hatarini zaidi, na Kenya na Tanzania zilipotangaza wagonjwa wao wa kwanza, tarehe 13 na 16 za mwezi huohuo, ushauri uliowafikia ulikuwa mfupi: wakae nyumbani, wanawe mikono, wajilinde. Ushauri huo ulikuwa sahihi, lakini ulinyamazia jambo ambalo miaka iliyofuata imelidhihirisha, kwamba mtu mwenye pumu, mwenye makovu ya kifua kikuu au mwenye mapafu yaliyochakazwa na moshi haumizwi na virusi peke yake, bali huumizwa pia na dawa zilizokatika, na kliniki aliyoiogopa, na watu wake waliomkwepa. Dharura hiyo ya kimataifa ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 5 Mei 2023, ila maradhi ya mapafu yangali yapo, na mlipuko mwingine wa ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa ukija utawakuta wagonjwa haohao.

Mapafu ni mtandao wa mirija inayogawanyika kuanzia kooni hadi kwenye vifuko vidogo mno vya hewa, ambamo oksijeni huingia katika damu na hewa ukaa hutoka. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo huvimba na kujibana anapokutana na kitu kinachomchokoza, kisha hufunguka tena kwa dawa, na wakati mwingine yenyewe. Katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao huchukua miaka mingi kujijenga, mirija na vifuko huharibika na kutorudi tena katika hali ya awali. Chanzo chake kikuu kinachofahamika ni tumbaku, lakini Afrika Mashariki moshi wa kuni na mkaa una sehemu kubwa, ndiyo maana ugonjwa huo huwapata hata kina mama ambao hawajashika sigara maishani mwao. Kundi la tatu ni la watu waliomaliza dozi ya kifua kikuu na kuambiwa wamepona, ilhali makovu yaliyobaki yanawafanya watwete kwa kupanda ngazi au kubeba ndoo ya maji. Kundi hili limesahauliwa kwa muda mrefu kupita kiasi: mkutano wa kwanza wa kimataifa uliohusu maradhi yanayobaki baada ya kifua kikuu ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, Julai 2019, miezi michache tu kabla virusi vipya havijajitokeza.

Hatari ya UVIKO-19 haikuwa sawa kwa wote hao. Tafiti zilionyesha kwamba pumu iliyodhibitiwa vizuri haikuongeza sana uwezekano wa kufa, wakati wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, pamoja na wenye pumu kali waliolazimika kumeza vidonge vya steroidi muda mfupi kabla ya kuambukizwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba kinga kubwa aliyokuwa nayo mtu mwenye pumu ilikuwa tayari mkononi mwake, katika dawa yake ya kila siku.

Bahati mbaya dawa hiyo ndiyo iliyoogopwa. Inhela za pumu, ambazo wengi huziita pampu, ni za aina mbili. Ya kwanza, mara nyingi ya rangi ya buluu, ina salbutamoli, dawa inayolegeza misuli ya mirija na kumpa mgonjwa nafuu ndani ya dakika chache. Ya pili, mara nyingi ya kahawia, ina steroidi kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo hutuliza uvimbe polepole, na kwa sababu nafuu yake haisikiki papo hapo, wagonjwa wengi huona haina kazi. Kwa kuwa steroidi zinajulikana kupunguza nguvu ya kinga ya mwili zinapotumiwa kwa kiwango kikubwa, ilienea hofu kwamba inhela ya kahawia ingemfungulia mlango mgonjwa aambukizwe. Hofu hiyo haikuwa na msingi kwa dozi za kawaida za kuvuta. Tena, mwezi Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, iliokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 waliokuwa wakisaidiwa kupumua. Anayeacha inhela ya kahawia na kubaki na ya buluu pekee hupata ahueni ya muda huku uvimbe ukiendelea kukua, na ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa pumu, maarufu kama GINA, uliacha mwaka 2019 kupendekeza kwamba watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kinachotakiwa ni kuendelea na dozi iliyoandikwa na daktari, kusukutua mdomo kila baada ya kuvuta ili kuzuia fangasi za mdomoni, na kununua inhela nyingine kabla iliyopo haijaisha, kwa maana barabara zikifungwa au duka la dawa likiishiwa, hakuna muda wa kuanza kutafuta.

Namna ya kuvuta ina uzito sawa na dawa yenyewe. Inhela ikifyatuliwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kuishia hapo. Suluhisho ni spesa, yaani chombo chenye uwazi kinachowekwa kati ya inhela na mdomo, ambamo dawa hutulia kwanza na mgonjwa huivuta taratibu. Wakati wa janga chombo hiki kilipata thamani mpya, kwa sababu madaktari walitilia shaka nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu, wakihofia kwamba mgonjwa aliyeambukizwa angetawanya virusi chumbani, na spesa ikapendekezwa badala yake. Spesa za dukani ni ghali kwa kaya nyingi, lakini watafiti wa Cape Town walionyesha tangu mwaka 1999, katika utafiti uliohusu watoto wenye shambulio la pumu, kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa inhela bila kuvujisha, inafanya kazi vizuri. Ni jambo la kusikitisha kwamba baada ya zaidi ya miaka ishirini maarifa haya rahisi hayajawafikia wazazi wengi wanaokesha na watoto wanaobanwa na kifua. Chupa hiyo ioshwe kwa maji na sabuni na iachwe ikauke yenyewe, wala isitumiwe na watu wawili.

Hewa ya nyumbani nayo ilibadilika wakati wa janga, kwa sababu watu waliokuwa wakishinda kazini au sokoni walijikuta karibu na jiko siku nzima. Mgonjwa wa mapafu hapaswi kukaa jikoni kuni zinapowaka, na pale ambapo gesi haipatikani, kuhamishia jiko uani au kwenye banda lenye upenyo wa hewa kunapunguza madhara. Katika miji ya pwani, udi na ubani vinavyofukizwa ndani ya chumba kilichofungwa huweza kuamsha pumu, hata ikiwa nia ni kukaribisha wageni au kusafisha hewa. Usafi wa kupindukia ulileta taabu yake pia: mvuke wa jiki huchokoza mirija ya hewa, na ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Unyunyiziaji wa dawa mitaani na masokoni, ulioshuhudiwa katika miji mingi mwaka 2020, ulikosolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Mei mwaka huo kuwa hauna faida iliyothibitishwa dhidi ya virusi na unaweza kuwadhuru watu, hasa macho, ngozi na njia zao za hewa.

Kujifukiza, au kupiga nyungu kama wengi walivyosema nchini Tanzania, kunahitaji maelezo ya uangalifu, kwani ni tiba ya wazee iliyokubalika kwa muda mrefu na haifai kudharauliwa. Mvuke unaweza kufungua pua iliyoziba na kumtuliza mtu mwenye mafua. Hata hivyo, haufiki kwenye vifuko vya hewa ukiwa na joto la kuua virusi, maana joto hilo lingeunguza mapafu kwanza, na kwa mwenye pumu, hewa moto yenye harufu kali ya mkaratusi chini ya blanketi inaweza kumbana papo hapo. Sufuria ya maji yanayochemka mbele ya mtoto ni hatari iliyo wazi.

Kifaa kidogo cha kubana kwenye kidole, kinachopima oksijeni ya damu, kiliingia majumbani mwa watu wengi katika kipindi hicho. Mtu mwenye mapafu mazima huonyesha asilimia 95 hadi 100, ila mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa anaweza kuishi na kiwango cha chini kuliko hicho, na akiwekewa oksijeni madaktari hulenga asilimia 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi mno humdhuru. Asiongezewe kasi ya mtungi na jamaa waliojawa na hofu. Kuna jambo ambalo wasomaji wa Afrika wanastahili kulijua kuliko wengine wote. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hiki hakikuuonyesha ulitokea kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Kwa hiyo mgonjwa apimwe akiwa ametulia, kwa kidole chenye joto kisichopakwa rangi ya kucha wala piko, namba zilinganishwe na za siku zilizotangulia, na anayetweta asiambiwe yu salama kwa kuwa tu kifaa kimesoma 94.

Woga wenyewe huharakisha pumzi, na pumzi za haraka na fupi huwafanya wenye mirija iliyoziba washindwe kuitoa hewa ya zamani kabla ya kuvuta mpya. Wataalamu wa mazoezi ya tiba hufundisha wagonjwa kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu anayepoza chai, huku wameketi na kuinamia mbele, viwiko vikiegemea mapajani. Zoezi hili halimponyi mtu, lakini humrudishia utulivu wa kuitumia inhela yake sawasawa.

Msaada wa watu ndio uliopungua zaidi. Aliyekohoa ndani ya daladala au matatu alitazamwa kama muuaji, na wengi wakajizuia kwenda hata kliniki. Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za kifua kikuu: watu waliogunduliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, si kwa sababu ugonjwa ulipungua bali kwa sababu wagonjwa hawakufikiwa, na vifo vikaongezeka kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja, hadi kufikia takriban milioni 1.5. Tanzania ina urithi wa kulikabili tatizo hili, kwani mpango wake wa taifa wa kifua kikuu, uliojengwa tangu 1977 kwa mchango mkubwa wa daktari Karel Styblo, ulikuwa miongoni mwa vielelezo vya mfumo uliokuja kuenea duniani, na leo mgonjwa wa kifua kikuu huweza kuwa na ndugu au jirani anayemsimamia kumeza dawa. Mwenye pumu na mwenye mapafu yenye makovu hana msimamizi wa namna hiyo, naye anamhitaji: mtu wa kumpigia simu kila siku, kumfuatia dawa, kuvaa barakoa anapoingia chumbani kwake, kumsindikiza kwenye chanjo, na kumhimiza apimwe kifua kikuu kikohozi kinapofikisha wiki mbili.

Msimamizi huyo azijue pia dalili zisizosubiri: mgonjwa kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu au kijivu, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, na inhela ya buluu kutompa nafuu au nafuu yake kwisha upesi. Anayeonekana na mojawapo ya hizo aendelee kupewa salbutamoli kwa spesa wakati usafiri unatafutwa, na apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane na hata kama hospitali hiyo inalaza wagonjwa wa janga.