Tiba ya pamoja yaweza kuokoa ndoa, lakini si kila ndoa

ZAMANI mume na mke wa jamii ya Wakalenjin walipokosana, shauri lao lilifikishwa mbele ya wazee wa ukoo au baraza la kokwet. Kila mmoja alisikizwa, aliyekosa akaonywa, kisha wakarejea nyumbani.

Leo katika jiji la Eldoret, wanandoa wengi wanaishi mbali na wazee hao. Wengine huonana kwa nadra: mwanariadha yuko kambini Iten au mashindanoni ng'ambo, mwenzake amebaki kusimamia shamba na nyumba za kupangisha. Fedha zinapopatikana, huzuka swali la hatimiliki iandikwe kwa jina la nani. Lisipojibiwa kwa uwazi, huzaa shaka, na shaka huzaa chuki.

Hapo ndipo ushauri nasaha unapohitajika. Aghalabu wanandoa hukutana na mshauri kwa saa moja hivi kila wiki. Ipo pia tiba ya mfululizo, iliyoenea zaidi Marekani, ambapo vikao vya miezi kadhaa huunganishwa katika siku mbili au tatu. Huwafaa walio katika dhiki kubwa na wanaoishi mbalimbali, maadamu hawalazimiki kufunua kidonda leo na kusubiri juma zima ili kitibiwe.

Kwanza, mtaalamu huzungumza na kila mmoja faraghani. Hatua hii haifai kurukwa, kwani anayepigwa ni vigumu kulisema hilo mbele ya anayempiga. Kisha huwaketisha pamoja na kuchunguza jinsi ugomvi wao unavyoanza na unavyopanda. Mathalan, mke huuliza fedha zilikoenda, mume hunyamaza, mke hupaza sauti, mume huondoka. Kila mmoja huamini kwamba anajikinga tu.

Mwanasaikolojia John Gottman, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alitaja mienendo minne inayobomoa ndoa: lawama zinazoshambulia utu, dharau, kujitetea na kununa. Dharau ndiyo mbaya zaidi. Aidha, alieleza kwamba moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika wakati wa ugomvi, mtu husikia kidogo mno. Dawa ni kuahirisha mazungumzo kwa angalau dakika 20, kisha kuyarudia kama mlivyoahidiana.

Eldoret yenyewe haiko nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibuni mpango wa tiba ya familia uitwao Tuko Pamoja. Badala ya kutegemea wataalamu ambao ni haba, waliwafunza wakazi wa kawaida kuzishauri familia za mitaani mwao, wakiwemo wanandoa. Majaribio yake, yaliyochapishwa kuanzia 2019, yalionyesha dalili za kuimarika kwa mahusiano nyumbani.

Sheria nayo haiyafungi milango maridhiano. Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu mahakama kupeleka mzozo wa wanandoa kwenye usuluhishi. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Kwa hivyo ni haki yako kumwuliza mshauri kuhusu usajili wake kabla ya kumlipa.

Hata hivyo, kuna ndoa ambazo haifai kuzipeleka katika kikao cha pamoja. Mnamo Septemba 2024, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alifariki katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Penye kipigo, vitisho au hofu, neno la ukweli linalotamkwa mbele ya mshauri laweza kulipiwa usiku nyumbani. Anayedhulumiwa anahitaji usalama kwanza. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamwezesha kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na nambari 1195 hupigwa bila malipo.

Kwa wengine, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku mbili za mazungumzo haziwezi kufuta makosa ya miaka kumi, lakini zaweza kuwarejeshea wanandoa uwezo wa kusikizana. Kazi iliyosalia wataifanya wenyewe, nyumbani, kila siku.