Waya wa Redio Kati ya Miti Inayoyumba

Antena ya waya haina gharama kubwa, kwa kuwa huhitaji waya wa shaba, vihami vinavyozuia umeme usipite kwenye kamba, na nguzo mbili ndefu. Lakini katika mwambao wa Ziwa Victoria nguzo hizo mara nyingi huwa miti, nayo miti haitulii. Kisumu imekaa kwenye kona ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kujaza nafasi hiyo. Ndiyo sababu mikaratusi iliyotulia asubuhi huyumba alasiri.

Wanaotumia redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya watu binafsi yasiyo ya biashara, ambayo nchini Kenya huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupenda masafa ya megahezi 7, ambayo wimbi lake lina urefu wa takriban mita 42. Antena yao ya kawaida huwa nusu ya wimbi, pungufu kidogo, yaani mita 20 hivi, hukatwa katikati, na hapo ndipo kebo inayotoka redioni huunganishwa.

Kosa la kawaida ni kuukaza waya ili unyooke. Waya wa mita 20 wenye uzito wa gramu 20 kwa kila mita, ukiachwa ulegee sentimita 50 katikati, huvutwa kwa nguvu ya kilo 2 tu, bila kuhesabu kebo. Ukikazwa hadi ulegee sentimita 10, nguvu hiyo hufika kilo 10. Hata ule ulegevu wa nusu mita una akiba ndogo mno, kwani miti miwili ikiachana kwa sentimita 3 na kitu, waya umekwisha kunyooka kabisa, na tawi la mkaratusi huyumba zaidi ya hapo kwa upepo wa kila siku.

Kwa hiyo ncha moja hufungwa imara, na ncha ya pili huungwa kwa kamba inayopita kwenye kapi, gurudumu dogo lenye mfuo ambalo wavuvi hulitumia kupandishia tanga, kisha kamba hiyo hushuka na kuning'iniza kidumu chenye kokoto. Miti ikiachana kidumu hupanda, ikikaribiana hushuka, na mvuto wa waya hubaki karibu uleule. Kidumu kisining'inie mahali wanapopita watu, wala kisiwe na nafasi ndogo ya kupanda kiasi cha kugota kwenye kapi dhoruba inapovuma.

Kapi hufungwa karibu na shina, kwa kuwa ncha za matawi huyumba zaidi, na mwembe mnene hufaa kuliko mkaratusi mwembamba ijapokuwa ni mfupi. Mshipi wa kuvulia uliofungiwa jiwe na kurushwa kwa manati hutangulia juu ya tawi, nao huivuta kamba nene. Kamba hiyo hukaguliwa mara kwa mara, kwa sababu jua huidhoofisha na magome huisaga. Waya wote huwekwa mbali na nyaya za umeme, hata iwapo mti utaanguka. Na kwa kuwa ukanda huu una radi nyingi, kebo huchomolewa redioni na kuachwa nje ya nyumba kabla mawingu hayajafika, kwani kapi na kidumu huuokoa waya na upepo, wala haviwezi kitu mbele ya radi.