Mchicha, Vidonge na Macho ya Uzeeni

Madukani na kwenye meza za Kariakoo, Dar es Salaam, huuzwa virutubisho vingi vinavyonadiwa kuwa dawa ya macho. Mara nyingi mtoto humnunulia mzazi wake kwa mapenzi tu, bila kujua mzee anaumwa nini. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa sababu macho ya uzeeni hayana ugonjwa mmoja.

Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Hakuna kidonge, tone wala chakula kinachouondoa. Tiba yake ni upasuaji wa kuweka lenzi ya bandia. Presha ya jicho huua neva ya kuonea kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya retina. Kisha kuna uchakavu wa kitovu cha retina, sehemu tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu. Kwa ugonjwa huu wa mwisho, vidonge vina ushahidi.

Mwaka 2001, jaribio kubwa la Marekani liitwalo AREDS lilionyesha kwamba vitamini C na E, beta-karotini, zinki na shaba kwa pamoja vilipunguza kwa takriban robo uwezekano wa uchakavu huo kufikia hatua mbaya ndani ya miaka 5. Walionufaika ni wagonjwa waliokwisha kufika hatua ya kati. Waliokuwa na dalili za mwanzo tu hawakupata faida hiyo, na vidonge hivyo havikuzuia mtoto wa jicho. Mwaka 2013, jaribio lililofuata, AREDS2, lilipendekeza luteini na zeasantini zichukue nafasi ya beta-karotini, ambayo ikimezwa kwa wingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavuta sigara. Vidonge vya mafuta ya samaki havikuongeza faida yoyote.

Luteini hiyo iko sokoni, kwenye mchicha, matembele, majani ya maboga na kiini cha yai. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa nazi, karanga au mafuta kidogo hulifaa jicho kuliko iliyochemshwa chukuchuku. Mlo wa namna hii, pamoja na samaki, huendana na hatari ndogo ya uchakavu wa retina, ingawa si kinga kamili.

Dar es Salaam ina sababu yake ya kuiheshimu mboga ya majani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa macho jijini walianza kuona vijana waliopoteza uoni wa katikati kwa macho yote mawili, baadhi yao wakiwa na ganzi au miguu inayowaka moto. Neva ya kuonea ilikuwa imedhurika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha ugonjwa huo na upungufu wa foleti mwilini na moshi wa ndani ya nyumba. Foleti ni vitamini ya majani mabichi na maharage. Huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto mwingi, hivyo anayechemsha mchicha mpaka ukalainika kabisa, kisha akamwaga maji, amemwaga sehemu kubwa ya foleti. Osha kwanza, katakata baadaye, pika kwa muda mfupi na usimwage mchuzi wake.

Kwa hiyo, mpeleke mzazi akapimwe kabla ya kumnunulia kopo la vidonge. Aliyefikisha miaka 40 apimwe presha ya jicho, hasa kama kwenye ukoo kuna aliyepofuka nayo. Mwenye kisukari achunguzwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mvuta sigara aache, maana sigara huongeza hatari ya uchakavu wa retina na ya mtoto wa jicho. Daktari akishauri vidonge, muulize ni kwa ugonjwa gani na uko hatua gani. Asiposhauri, fedha hiyo inunue mboga, mayai na samaki, na nauli ya kwenda kliniki ya macho.