Shamba moja, familia mbili na bao la Jumapili

SAA kumi na moja alfajiri huwa tayari nimeshika jembe. Shamba letu lililopo Rumonge, kusini mwa Burundi, halifiki hata hekta moja. Kabla ya kwenda shuleni kufundisha Kiswahili, napalilia mihogo huku mke wangu akichuma kisamvu na watoto wakiteka maji.

Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Marehemu baba alikuwa akituchorea shamba hili mchangani kwa kijiti: hapa kijito, pale michikichi aliyoipanda kwa mkono wake. Niliporejea mwaka 2008 nilikikuta kijito, nikaikuta na michikichi. Nikakuta pia nyumba ya watu.

Mzee mwenye nyumba ile hakuwa mnyang'anyi. Alipewa eneo hilo na wakubwa wa wakati huo, akalilima miaka zaidi ya thelathini, akazika humo watoto wawili. Mimi nilikuwa na mchoro wa baba, yeye alikuwa na makaburi. Nani angemwambia mwenzake aondoke?

Baada ya vikao vingi, Bashingantahe, yaani wazee wapatanishi wa kilima chetu, walitugawia nusu kwa nusu. Mpaka ukapita katikati ya michikichi. Kwa miaka miwili tukawa tunasalimiana kwa midomo tu.

Kilichotupatanisha ni kazi na mchezo. Mawese hayataki mtu mmoja: vichala hukatwa, chikichi zikachambuliwa, zikachemshwa, zikatwangwa, ndipo zikakamuliwa. Mimi nilikuwa na pipa la kuchemshia, yeye alikuwa na mtambo wa kukamulia. Jumamosi moja mkewe alimtuma mtoto kuazima pipa. Jumamosi iliyofuata tukapeleka chikichi zetu kwao.

Jumapili jioni, baada ya ibada, mzee na mimi hukaa pale mpakani na ubao wa mashimo 32. Mimi nilijifunza bao Ulyankulu, yeye anacheza ikibuguzo cha Kirundi. Ubao unafanana, sheria ni mbali mbali. Siku ya kwanza kila mmoja alidhani mwenzake anaiba kete.

"Mwalimu, huko Tanzania ndiko walikokufundisha wizi?" aliniuliza. Tulicheka hadi wake zetu wakaacha kumenya mihogo na watoto wakausahau mpira wao wa majani ya mgomba. Sasa tunapokezana: Jumapili hii sheria zake, ijayo zangu.

Mwaka huu mchikichi mrefu kuliko yote, uliosimama juu ya mpaka wenyewe, ulizeeka kiasi kwamba hakuna kijana aliyethubutu kuupanda. Nilisita kuugusa. Mzee akaniambia, "Baba yako aliupanda, mimi niliupalilia. Tuukate pamoja, tuweke mche mwingine." Tukafanya hivyo.

Lakini mche ule ni wa nani? Watakaokula matunda yake ni wanangu na wajukuu zake, ambao hawakuwepo tulipokuwa tukinuniana. Sisi tumepatana kwa maneno, na maneno yatazikwa pamoja nasi. Jumapili ijayo, kabla hatujapanga kete, nitamwomba mzee tuite mashahidi, tuandike.