Kigawe na Kigawo: Maneno ya Hesabu katika Madarasa ya Juu ya Shule za Msingi, Dar es Salaam

Mtoto aingiapo darasa la tano katika shule ya serikali huko Tandale, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, huwa amekwisha kujua hesabu nyingi ambazo hakufundishwa na mwalimu. Ametumwa dukani tangu utotoni, naye ajua kudai chenji. Ajua kwamba nyanya huuzwa kwa fungu, na unga kwa robo na nusu. Ajua pia kwamba fungu la asubuhi si sawa na fungu la jioni, ijapokuwa bei ni ile ile. Hesabu hizo zote azifanya kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi. Katika madarasa ya juu ndipo akutanapo na Kiswahili cha namna nyingine, chenye vigawe na vigawo, namba tasa, sehemu guni, mzingo na vipeuo. Maneno haya huhesabiwa na wengi kuwa magumu, na ugumu wake hutolewa mara kwa mara kama hoja ya kusema kwamba Kiswahili hakifai kubeba elimu ya juu kuliko ile ya msingi. Kwa hiyo yafaa yatazamwe moja moja, ionekane ugumu huo watoka wapi.

Kwanza historia yake kwa ufupi. Kabla ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini, na kadiri mtoto alivyopanda ndivyo Kiingereza kilivyoshika nafasi. Katika mwaka huo, ambao ndio mwaka wa Elimu ya Kujitegemea na wa kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, iliamuliwa kwamba Kiswahili kitumike katika shule ya msingi yote hadi darasa la saba, na uamuzi ukaanza kutekelezwa mwaka 1968. Hapo ndipo hesabu za madarasa ya juu zilipohitaji majina. Mengine yaliazimwa, mengine yakaundwa, na mengine, ambayo huenda ndiyo yapendezayo zaidi, yalikuwa maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya.

Chukua jozi ya kigawe na kigawo. Yote mawili yatokana na kitenzi gawa, na tofauti yake ni irabu moja ya mwisho. Kigawo ni namba igawayo nyingine pasipo kubakiza; kigawe ni namba igawanywayo. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12; vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea. Tofauti hii si ya kubuni. Kiswahili kimekuwa na kiambishi tamati -e cha kutajia kile kilichotendwa tangu zamani: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mshinde ni aliyeshindwa. Aliyeunda neno kigawe aliifahamu kanuni hii, akaitumia barabara.

Lakini kanuni iliyo sahihi katika sarufi yaweza kuwa imekufa katika vinywa vya watu. Sikiliza maneno yanayozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam: mshiko, kwa maana ya fedha, mchongo, yaani kazi au njia ya kupatia fedha, msoto, yaani taabu ya kukosa. Yote ni ya -o. Kiambishi -e hakizai tena. Kimebaki katika maneno machache ambayo mtoto huyajifunza yakiwa mazima, wala hayafungui kuona kilichomo ndani. Naye akisikia mtume hafikirii kutuma, hufikiria Mtume. Kwa sababu hiyo, aambiwapo kwamba kigawe si kigawo, hana pa kushika. Hukariri. Na akikariri bila sababu, hubadilishana irabu hizo mbili mbele ya karatasi ya mtihani, kisha huambiwa kwamba hajui hesabu.

Jambo hili lazidi kuwa zito katika fungu la maneno lijulikanalo kwa herufi zake: KKS, kigawo kikubwa cha shirika, na KDS, kigawe kidogo cha shirika. Tuseme namba zenyewe ni 12 na 18. KKS ni 6, na KDS ni 36. Yaani kile kiitwacho kikubwa chatoa namba ndogo, na kile kiitwacho kidogo chatoa namba kubwa! Mtaalamu wa hesabu haoni ajabu hapa, kwa kuwa ajua kwamba 6 ni kikubwa miongoni mwa vigawo vya shirika tu, ambavyo ni 1, 2, 3 na 6. Na 36 ni kidogo miongoni mwa vigawe vya shirika, ambavyo havina mwisho. Lakini sivyo lisemavyo neno lenyewe. Sifa ya Kiswahili haina umbo la kuonyesha kupita zote. Lugha husema kidogo kuliko vyote, au kidogo kabisa, na istilahi imeyaacha maneno hayo ili iwe fupi. Kilichobaki ni kidogo, na kidogo kwa mtoto ni kidogo. Hapa kosa si la lugha, kwani lugha inayo njia ya kulieleza jambo. Ni la waliofupisha. Neno kuliko vyote likirudishwa, hata kwa mwezi mmoja wa kwanza wa somo, mtoto huona mara moja kwamba ukubwa na udogo huo ni wa kulinganisha.

Namba tasa ni habari nyingine. Nyumbani, tasa ni mtu au mnyama asiyezaa, na ni neno chungu ambalo halitamkwi ovyo mbele ya wenye nyumba. Darasani ni namba kama 2, 3, 5 na 7, zenye vigawo viwili tu, yaani moja na yenyewe. Taswira yaeleweka, kwa maana namba hizi hazina watoto ndani yake. Hata hivyo taswira hiyo ina kasoro ya kuchekesha, kwa kuwa kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, kama yenyewe si tasa, yatokana na namba tasa zilizozidishwa. 12 ni 2 mara 2 mara 3. Wale walioitwa wagumba ndio mababu wa ukoo wote. Mwalimu mwenye kuliona hili anayo hadithi ya kusimulia darasani, na hadithi hukaa kichwani kuliko maelezo ya kanuni.

Namba shufwa na namba witiri huonekana ngeni kwa wengi, na walimu waliotoka bara huenda wakaziona kuwa Kiarabu kitupu. Lakini mtoto wa Tandika au Magomeni ambaye jioni huenda chuoni amekwisha kusikia habari za rakaa za shufwa na witri katika sala ya usiku. Shufwa ni jozi, na witri ni isiyo na mwenzake. Ndiyo maana ile ile ya namba zigawanyikazo kwa mbili na zisizogawanyika. Mtoto huyu anao ufunguo mfukoni, na mara nyingi hapana amwambiaye kwamba ndio wa mlango huu. Naye mwenzake asiyesoma chuoni angeweza kuazima ufunguo kwake. Ni vema kukumbuka, kwa upande wa pili, kwamba mtoto huyo huyo afikapo katika hesabu za riba hukutana na neno alilofundishwa kuwa ni la haramu, naye hana budi kulikokotoa kwa asilimia.

Neno guni lastahili kutajwa kwa sababu limo katika masomo mawili. Katika ushairi, utungo uliokosa kutimiza mizani au vina huitwa guni. Katika hesabu, sehemu guni ni ile ambayo kiasi chake kimezidi asili, mathalani saba juu ya nne. Hugeuzwa kuwa moja na robo tatu, nayo ikawa sehemu mchanganyiko. Maana ni moja, yaani kitu ambacho kipimo chake hakikukaa sawa. Watoto wa madarasa haya hufundishwa kuhesabu mizani za mshororo katika saa moja, na kugeuza sehemu guni katika saa nyingine, na mara chache sana hupata kuambiwa kwamba masomo hayo mawili yameshika neno moja.

Kipeuo nacho kina ujanja wake. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Kwa umbo lake, kipeuo chafuata ile kanuni ya kutendua, kama vile funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Kanuni hii, tofauti na ile ya -e, ingali hai kabisa. Mtoto wa miaka minne huitumia bila kufundishwa. Kwa hiyo kipeuo ni neno rahisi kuliko lidhaniwavyo, maana jina lenyewe lasema kwamba kazi iliyofanywa sasa yafumuliwa.

Si haki, basi, kuyahukumu maneno haya yote kwa pamoja. Mengine ni magumu kwa sababu kanuni iliyoyazaa imelala; mengine kwa sababu yamekatwa; na mengine si magumu hata kidogo, ila hayakuelezwa. Wasemao kwamba Kiingereza ni chepesi zaidi husahau kwamba majina mengi ya hesabu katika lugha hiyo yalitoka Kilatini na Kiyunani, na kwamba mtoto wa London naye huyakariri.

Tofauti iliyopo ni ya muda. Mtoto wa London hukaa na maneno yake hadi mwisho wa masomo. Mtoto wa Mbagala huyapata katika madarasa ya juu, huyafanyia mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kisha huingia kidato cha kwanza na kukuta vigawo vile vile na namba tasa zile zile vikiwa na majina ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na bado hesabu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa mpango wa toleo la mwaka 2023 la sera hiyo, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba, hivyo muda wa mtoto kuishi na maneno haya wapungua tena kwa mwaka mmoja.

Wako pia wasioendelea. Kijana anayejifunza useremala huko Keko hupima kwa futi na inchi, na ukingo wa meza ya duara huuita mzunguko. Mzingo, neno la kitabu chake cha hesabu, latokana na kitenzi cha kale, zinga, chenye maana ya kuzunguka. Lakini karakana haina haja nalo, na kitabu kilikwisha kurudishwa shuleni.