Tarakimu Inavyovuka Kutoka Garsen

Katika ofisi nyingi za Kaunti ya Tana River, kuanzia Hola hadi Garsen na Kipini, kompyuta inapokataa kutoa jibu husemwa tu kwamba "hakuna netiweki" au "sistimu imeanguka", na mwananchi aliyefunga safari tangu alfajiri hurudi kwao bila maelezo mengine. Kauli hizo hufunika vitu vitatu visivyofanana: programu, ambayo ndiyo sura anayoiona mtumishi kwenye kioo, hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu lililopangwa kwa majedwali, ambalo aghalabu halimo Garsen wala Hola bali ndani ya seva iliyo mbali, na muunganisho, ambao ni njia ya mazungumzo kati ya viwili hivyo. Ghala linaweza kuwa zima, programu ikawa nzima, na bado kazi ikalala kwa sababu njia baina yao imekatika. Hicho cha tatu ndicho kinachotajwa kwa nadra, na katika nchi ya mto unaofurika ndicho kinachostahili kueleweka kwanza.

Mfano ulio karibu zaidi na watu ni hesabu za afya. Mtoto wa chini ya miaka 5 anapotibiwa zahanati, habari zake huandikwa kwenye daftari la MOH 204A, kisha muuguzi huhesabu mistari, malaria ngapi, kuhara ngapi, nimonia ngapi, na kuijaza fomu ya MOH 705A yenye safu ya kila siku ya mwezi. Fomu hutakiwa kumfikia afisa wa rekodi za afya wa kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, naye ana hadi tarehe 15 kuziingiza tarakimu katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS, unaoendeshwa kwa programu iitwayo DHIS2.

Programu hiyo haikuanza ikiwa ya wavuti. DHIS ya kwanza ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuondoka, nayo ilikuwa programu ya kompyuta ya mezani iliyojengwa juu ya Microsoft Access. Katika mpango wa namna hiyo programu na hifadhidata hukaa ndani ya kompyuta moja, ghala lenyewe likiwa ni faili tu kwenye diski, kwa hiyo muunganisho wake ni mfupi na haujui mvua wala modemu. Sifa hiyo ndiyo pia ila yake, kwa kuwa kila kompyuta huwa na ukweli wake: wilaya ina faili yake, mkoa una nakala ya mwezi uliopita, na makao makuu yana nakala iliyokuja kwa fleshi bila mtu kujua kama ndiyo ya mwisho. Kenya nayo kabla ya 2011 ilitegemea majedwali ya Excel yaliyopelekwa Nairobi kama mafaili, hata ikawa anayesahihisha tarakimu moja ya Garsen hana hakika kwamba kila mwenye nakala ameisahihisha yake.

Hali iligeuka 2011. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa 2009, intaneti ya modemu za simu ilikuwa imeanza kuzoeleka, na DHIS2, iliyoundwa upya chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo ili itumike kwenye wavuti, ilijaribiwa kwanza katika Mkoa wa Pwani, ambao Tana River ilikuwa sehemu yake, kabla ya kusambazwa nchini kote mwaka huohuo. Badala ya kila wilaya kuwa na seva yake, nchi nzima ilipewa hifadhidata moja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila uliuhamishia muunganisho mzigo wote ambao zamani ulibebwa na fleshi.

Programu yoyote inayotaka kuzungumza na hifadhidata huhitaji kujua anwani ya seva, namba ya mlango wa kuingilia, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na neno la siri. PostgreSQL, ambayo ndiyo hifadhidata ya DHIS2, husikiliza kwenye mlango wa 5432 isipoelekezwa vingine. Katikati hukaa kiendeshi, yaani kijiprogramu kinachoyageuza maombi ya programu kuwa lugha ambayo hifadhidata inaielewa, na viwango kama ODBC ya 1992 viliwekwa ili mwandishi wa programu asilazimike kuandika upya kazi yake kila hifadhidata inapobadilishwa. Programu ya mezani iliyoungwa moja kwa moja na ghala la mbali hubeba mambo hayo yote ndani yake, hivyo neno la siri la ghala husafiri na kila kompyuta, hata ile iliyoibwa au kuuzwa kuukuu. Programu ya wavuti haifanyi hivyo, kwa sababu kivinjari cha afisa wa Garsen hakiigusi hifadhidata kamwe, bali hupeleka ombi kwa programu iliyo kwenye seva, nayo ikishamtambua mwombaji na kupima haki zake ndipo hulifungua ghala na kurudisha jibu. Ofisi ya umma ambayo bado inaagiza programu zenye neno la siri la hifadhidata ndani ya kila kompyuta inanunua hatari kwa fedha za wananchi, na hilo halina udhuru tena.

Kufungua muunganisho nako si kazi ndogo. Kompyuta mbili hubadilishana ujumbe mara tatu ili kukubaliana kuanza, kisha hutambuana kwa neno la siri, kisha PostgreSQL huanzisha mchakato mpya, yaani kazi inayojitegemea yenye kumbukumbu yake, kwa ajili ya muunganisho huo mmoja, na mipangilio yake isipobadilishwa hukubali miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja. Lau kila afisa wa kila kaunti ndogo angefunguliwa wake tarehe 14, wakati wote wanakimbizana na tarehe 15, seva ingezidiwa kabla ya adhuhuri. Dawa yake ni akiba ya miunganisho: programu iliyo kwenye seva hufungua miunganisho kadhaa mapema na kuiacha wazi, na kila ombi huazima mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huurudisha. Wakazi wa kingo za Tana wanaujua mpango huo kwa jina jingine, maana hakuna anayechonga mtumbwi kila anapotaka kuvuka. Abiria huupanda uliopo, hushuka ng'ambo, na mtumbwi ukarudi kumchukua mwingine. Programu mbovu ni ile inayosahau kuurudisha, na mitumbwi ikiachwa ng'ambo mmoja baada ya mwingine, mwisho wake watu hujaa ukingoni ilhali mto umetulia. Hapo ndipo hutamkwa kwamba sistimu imeanguka ingawa hakuna kilichoanguka, na fundi anayeizima seva na kuiwasha tena hupewa sifa za mganga, kumbe alichofanya ni kuirudisha mitumbwi kivukoni bila kumgusa aliyeiacha.

Lililo la ajabu kuliko yote, hata hivyo, hutukia kwenye meza ya Garsen. Afisa anapoandika, kwa mfano, 37 katika kisanduku cha malaria na kuhamia kinachofuata, tarakimu hiyo hupelekwa papo hapo, peke yake, bila kungoja fomu nzima ijae, na kisanduku hugeuka kijani mara seva inapokiri kuipokea. Mtandao ukikatika ukurasa haufi, bali kivinjari huziweka tarakimu katika hifadhi yake ndani ya kompyuta ileile, na njia ikifunguka tena huzipeleka zilizokuwa zikingoja. Hali ngumu zaidi ni pale tarakimu inapofika salama lakini jibu la kukiri likapotea njiani, kwa kuwa afisa hana namna ya kujua na hana budi kutuma tena. Katika mfumo uliobuniwa bila uangalifu, wagonjwa 37 wangegeuka 74 na dawa zikaagizwa kwa hesabu ya uongo. Haiwi hivyo hapa, kwa sababu kila thamani hukaa chini ya ufunguo uliosukwa kwa vitu kadhaa kwa pamoja: ni kipimo gani, ni cha kipindi gani, ni cha kituo gani, na ni cha mgawanyo gani wa umri au jinsia. Malaria, Machi, kituo cha Ngao, chini ya miaka 5: nafasi ni moja tu, na 37 ya pili ikifika huikalia nafasi ya ile ya kwanza, hivyo jumla haisogei hata kidogo. Mtandao mbaya unaweza kumchelewesha mgonjwa katika hesabu, lakini hauwezi kumhesabu mara mbili.

Lisiloweza kutibiwa na ufunguo wowote ni kisanduku kitupu. Sifuri husema kwamba muuguzi alikuwapo, akahesabu, akakuta hakuna mgonjwa. Utupu husema kwamba hakuna aliyesema kitu. Mafuriko yanapoizingira Delta ya Tana, kama yalivyofanya 2018 na tena mwishoni mwa 2023, fomu isiyovuka huacha utupu, na chati inayouhesabu utupu huo kama sifuri huonyesha kuhara kukipungua katika mwezi uleule ambao watu wanakunywa maji ya gharika. DHIS2 huonyesha kando kiwango cha ripoti zilizowasilishwa, na kusoma tarakimu za magonjwa bila kukitazama kiwango hicho ni uzembe, si haraka ya kazi. Ni uzembe pia kununua kompyuta mpya kwa sherehe huku bando la mwezi, modemu ya akiba na paneli ya sola vikiachiwa mfuko wa mtumishi, na ni dhuluma kwamba tarakimu za vijiji vya Wapokomo, Waorma na Wawardei huvuka kwenda Nairobi kwa uaminifu kiasi hicho lakini ni nadra kurudi kubandikwa ukutani mwa zahanati zilikotoka, wazazi wakaziona.

Utaratibu uo huo wa programu, kiendeshi na ghala la mbali hutumika katika usajili wa wanafunzi, huduma za eCitizen, tokeni za stima, tiketi za mabasi ya Mombasa, na M-Pesa, ambayo tangu 2007 inavusha fedha, na ambayo kila muamala wake hupewa msimbo wa herufi na tarakimu 10 usiorudiwa na mwingine.