Saa Nzima Bila Neno

Mimi ni Mrafiki, yaani Quaker, wa Vihiga, Kenya. Kwetu ibada bila nyimbo na mahubiri haijakamilika. Basi nilipoingia nyumba ya ibada ya Marafiki huko Jordans, kusini mwa Uingereza, macho yalitafuta mimbari. Haipo. Wala msalaba, wala madhabahu. Ni mabenchi ya mbao tu, na watu wamenyamaza kama wanaosikiliza mvua ikija kwa mbali. Saa nzima! Anayeguswa moyoni husimama, husema machache, akaketi.

Nyumba hiyo ya matofali ilijengwa 1688. Awali Marafiki walisali katika nyumba za wakulima wa jirani, roho mkononi, maana waliokusanyika nje ya kanisa la serikali walitozwa faini na kufungwa. Mfalme James wa Pili alipolegeza kamba mwaka 1687, hawakungoja.

Nje amezikwa William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, aliyefariki 1718. Jiwe lake ni dogo mno. Kijijini kwetu hata mzee wa mtaa angejengewa kubwa zaidi. Lakini Marafiki wa kale waliona mawe ya makaburi ni majivuno, na jiwe hilo liliwekwa baadaye sana.

Mwaka 2005 moto uliunguza paa la nyumba hiyo ya ibada, likaezekwa upya.

Kwetu Vihiga, pale Kaimosi, Wamarekani watatu walileta imani hii 1902. Leo Marafiki wa Kenya ni wengi kuliko wa Uingereza.